Mashine Moja, na Lori Halijafika

Benchi letu liko Ekerenyo, ubavuni mwa kituo cha majani chai, limeegemea ukuta wa chumba cha gemu cha Sheryl Adoyo. Mabati ya chumba hicho yametokeza mbele kiasi cha kufunika magoti ya watu wanne. Mtu wa tano hulowa. Hapo ndipo tunapongojea lori la kiwanda. Linatakiwa kufika saa tisa, lakini bado sijakutana na mtu aliyeliona saa tisa. Orpah huweka themosi zake mbili chini ya benchi, moja ya kahawa na moja ya uji kwa ajili yetu sisi Wasabato, tunaolima chai mwaka mzima na hatutakiwi kuinywa. Mimi ni shemasi kanisani, na hapo kijiweni wananiita hivyo hivyo, Shemasi. Hunywa uji. Kahawa nimeionja mara tatu. Ya tatu ilikuwa Jumatano ya wiki iliyopita, na Mungu ameshaisikia habari yake kutoka kinywani mwangu.

Alhamisi moja tulikuwa na kesi. Sheryl ana mashine mbili za gemu, au alikuwa nazo, kwa maana radi ya Jumatatu ilipiga waya na moja ikafa palepale, ikanuka kama soksi iliyoungua. Ikabaki moja. Na Jumapili kulikuwa na shindano la gemu ya mpira Kisii mjini, ambalo kijana wetu Mose alikuwa amejiandikisha kushiriki. Mose ana miaka ishirini na mitatu. Tunamwita Kidole, kwa sababu kidole gumba chake cha kulia kimeota sugu kama cha mtu anayechuma chai, na Mose hachumi chai. Alikuwa amemwomba Sheryl afunge mlango kwa watu wote, leo na kesho, ili afanye mazoezi peke yake. Jumamosi, kama kawaida, chumba hufungwa.

Sheryl ni mtu wa upande wa ziwa, na katika chumba cha pili husuka nywele. Alitoka na chanuo mkononi, akasema hana nafasi ya kesi, ana kichwa cha mteja nusu kimesukwa nusu kimesimama.

— Nyinyi ndio mnakaa hapa kutwa, alituambia. Semeni nyinyi. Nimpe Mose mashine, ama ibaki ya kila mtu? Lori likifika mnipe jibu moja. Si manne.

Akarudi ndani.

Kabla sijaeleza tulivyobishana, niseme jambo ambalo benchi halikulijua. Mimi pia hucheza.

Nina binti, Jemimah, yuko kidato cha tatu katika shule ya bweni upande wa Sironga. Mwaka jana, Sabato moja, wakati wa kutoa mahitaji ya maombi, nilisimama mbele ya kanisa nikaomba waniombee binti yangu kwa sababu amepata D ya hesabu. Nilitaja na alama. Nilidhani ninamsaidia. Yeye alikuwa ameketi safu ya vijana, na wenzake wakageuka kumtazama. Tangu siku hiyo akawa ananijibu ndiyo, hapana, na sijui. Miezi mitano. Chakula ananiletea, maji ya kunawa ananiletea, maneno haniletei.

Halafu likizo ya Aprili, tukiwa tumeleta majani, mvua ikatupiga, tukakimbilia kwa Sheryl. Sheryl akasema hataki watu wa kusimama mlangoni, kama mmeingia mcheze. Akatupa pedi mbili, vile vidude vya kushika vyenye vibonye, tukawekwa timu moja dhidi ya mashine. Nilikuwa sijui kibonye gani ni cha nini. Nikawa nabonyeza vyote. Na mara nikasikia, kando yangu:

— Tata, pasi. Kushoto. Kushoto, Tata.

Tata ndivyo tunavyomwita baba kwetu. Maneno matatu, na mawili yakarudiwa. Nilikaribia kulia nikiwa nimeshika kidude cha plastiki.

Tangu hapo, kila anapokuwa nyumbani, tunacheza michezo miwili tukingojea lori. Tukitoka pale mazungumzo hufika hadi nyumbani, mengine hadi jikoni. Lakini nimekuwa nikiingia kwa mlango wa nyuma, kwa sababu mimi ndiye niliyewahi kuhubiri kwa vijana dhidi ya chumba hicho, na nilihubiri kwa nguvu. Na Alhamisi hiyo Jemimah alikuwa amefika adhuhuri, likizo fupi ya katikati ya muhula. Angerudi shule Jumapili. Ukitoa Sabato, zilikuwa zimebaki siku mbili, leo na kesho. Siku zilezile za Mose.

Basi niliketi na kikombe changu cha uji nikiwasikiliza watu wakigawa siku zangu.

Aliyeanza ni Orwa. Huyu hutengeneza simu ng'ambo ya barabara, na kwa kuwa ndiye anayefungua mashine za Sheryl zikiugua, jina lake ni Daktari. Naye ni mtu wa ziwa. Kila Ijumaa jioni hushuka Oyugis kwa familia yake.

— Hii gemu imeshikiliwa na watu wachache wenye kichaa nayo, alisema Daktari. Mose ni mmoja. Hao wengine ni wapita njia. Wanakuja kuota joto.

— Joto la nani? Orpah aliuliza, akimimina kahawa. Mose akiwa mle ndani peke yake, chumba ni baridi kama jiko la mseja.

— Mama, mimi ndiye ninafungua hizo pedi. Unajua nimekuta nini ndani? Utomvu wa majani. Ganda la njugu. Siku moja nimekuta punje ya mahindi, imeanza kuota. Wapita njia wanabonyeza kama mtu anaua kunguni. Pedi ya Mose nimeifungua mara moja kwa miaka miwili, na ilikuwa safi kuliko sahani yangu.

Mose alikuwa ameketi kwenye tofali, karibu na mlango, mikono katikati ya magoti. Aliinamisha kichwa kwa adabu, kama bwana harusi anayesifiwa.

Masese akasema Daktari ana haki. Masese ni wa bodaboda, na kwenye ufunguo wa pikipiki yake ananing'iniza filimbi, ndiyo maana anaitwa Referii. Kazi yake kijiweni ni kuamua, lakini huamua kila kikombe upya. Kwa kikombe cha kwanza alikuwa upande wa Mose. Alipoongezewa, akageuka.

— Lakini hebu mjiulize, gemu inatengenezewa nani? alisema. Mimi nimesikia huko zinakotengenezwa kuna mzee analipwa mshahara kwa kazi ya kutojua. Kazi yake ni hiyo tu. Anaketishwa, anapewa pedi, anaambiwa cheza. Akishindwa kuelewa, wanairekebisha gemu. Akianza kuelewa, wanamfukuza kazi.

— Nani alikuambia? Daktari aliuliza.

— Abiria. Nilimbeba kutoka Gesima.

— Alikuwa ametoka huko kunakotengenezwa?

— Alikuwa ametoka Gesima.

Orpah alisema hiyo kazi ya kutojua, Masese angeifanya mpaka astaafu na wasipate sababu ya kumfukuza. Tulicheka, hata Mose. Referii hakukasirika. Alisema yeye anaongea mambo ya maana, na mtu akicheka hayo ni ya tumbo lake.

Anga lilikuwa limeshaanza kujikunja upande wa Gesima. Wanawake wawili walipita na vikapu mgongoni, wakaviweka kwenye foleni, wakachungulia mlango wa Sheryl. Mmoja, Nyanchoka, huwa anapenda gemu ya magari. Huliendesha gari lake hadi mtoni kila mara, na hucheka mpaka anaketi chini. Aliuliza kama wanaweza kuingia. Orpah akamwambia bado kuna kesi.

— Kesi ya nani?

— Yako, Orpah akamjibu. Ngoja hapo.

Daktari alipoona watu wanaongezeka, akaongeza sauti. Akatuambia tufikirie mbali. Akasema miaka kumi ijayo majani hayatachumwa kwa mkono. Yatachumwa na vijidege vya chuma, na vijidege hivyo vitaendeshwa na mtu aliyeketi na pedi. Kiwanda kitazunguka kata zote kutafuta watu wenye vidole, si watu wenye migongo.

— Mtu mmoja, Mose huyu mnayemwona, atachuma shamba zima la Gesima akiwa ameketi hapa na uji wake. Na mtaambiana, tulimnyima mashine siku mbili.

Mose alinyoosha mgongo. Mimi nilifikiria mgongo wangu mwenyewe, na nakiri kwamba kwa dakika moja nilikuwa upande wa Daktari.

— Na mimi nitafanya nini hivyo vijidege vikija? Nyanchoka aliuliza kutoka kwenye foleni.

— Wewe utaviendesha hadi mtoni, Daktari akamwambia.

Referii, kwa kikombe cha tatu, alikuwa na jambo zito zaidi. Alisema mashine huwa na tabia, kama ng'ombe. Ng'ombe akikamuliwa na mtu mmoja tu, siku mtu huyo hayupo anapiga teke. Mashine ikichezewa na Mose tu itazoea vidole vya Mose, itajiona, itakataa kufungwa na watu wa kawaida. Na kwa kuwa siku hizi mashine zote zinaongea zenyewe kwa zenyewe kwa njia ya mtandao, itaziambia nyingine. Tutaamka asubuhi moja, kaunti nzima hakuna mtu anaweza kufunga bao.

Hapo nilimwona Mose akikohoa na kutazama pembeni. Sikuelewa kwa nini, ila niliona.

— Wewe Mose, Orpah alimwambia, mbona tunakusemea na mdomo unao?

Mose alisugua kile kidole. Yeye huongea maneno ya vijana wa mjini, lakini siku hiyo aliongea polepole.

— Mathe, mimi kwangu hii si ya kupitisha wakati. Nimeamka nayo, nimelala nayo, miaka sita. Nyumbani wakiulizwa Mose anafanya nini, wanasema yuko tu. Nataka Jumapili nirudi na kitu. Wakiulizwa tena wawe na jibu. Hawa wengine wakikosa siku mbili hawatakufa. Mimi nikikosa, nitaenda Kisii kuaibika.

Hakuna aliyecheka. Hata mimi nilikuwa nimeona kijana mvivu kwa miaka sita, na sasa niliona kijana anayeogopa swali. Nilijua swali la namna hiyo linavyochoma. Mimi ndiye niliyelitoa mbele ya kanisa kwa mtoto wangu mwenyewe.

Orpah akanigeukia, nikadhani amejua.

— Shemasi, mikutano yenu ya makambi ya Agosti, hema lilijaa?

— Lilijaa mpaka nje, nikasema.

— Waliolijaza ni wale wa kila Sabato?

— Wale wa kila Sabato tunajaza safu nne.

— Hao wengine mliwafukuza?

— Tuliwaletea viti.

— Haya, alisema, akafunga themosi.

Orpah ni Mkatoliki, lakini alikuwa amenishika mahali ambapo hakuna mchungaji aliyewahi kunishika. Kwa maana mimi mwenyewe niliingia kanisani kwa njia hiyo. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, nilikwenda makambi kwa sababu niliambiwa siku ya mwisho kuna wali, na nikaketi nyuma karibu na njia ili nikichoka nitoke. Sikutoka. Nilikuja kama mpita njia wa wali, na leo ninashika ufunguo wa kanisa. Kama mtu angefunga hema siku ile akasema ni la wa dhati tu, mimi ningekuwa wapi.

Nilipaswa kusema hayo palepale. Sikusema. Nilikunywa uji.

Mvua ikaanza, matone makubwa ya mbalimbali, na watu wa foleni wakasogea chini ya mabati. Sheryl akatoka, chanuo bado mkononi. Akauliza kama lori limefika. Tukamwambia bado. Akasema kichwa kimekwisha, kwa hiyo hataki kungojea lori, anataka jibu.

Referii akapuliza filimbi yake kidogo, akasema tupige kura. Daktari akasema Mose. Orpah akasema mlango ubaki wazi. Tukamtazama Referii mwenyewe, naye akasema refa hapigi mpira. Nyanchoka akanyoosha mkono, Referii akamwambia foleni haina kura.

— Basi ni moja kwa moja, Sheryl alisema. Shemasi, imebaki wewe.

Mose alinitazama. Nilijua anachotarajia. Mimi ndiye niliyehubiri kwamba chumba hicho kinaiba vijana. Bila shaka ningependa kifungwe kwa watu wengi kadiri inavyowezekana. Nikasafisha koo. Nikaanza kusema kwamba kila jambo lina wakati wake, kwamba kijana ana bidii na bidii ni njema, kwamba hata hivyo jamii nayo ina nafasi yake, na kwamba yote yafanyike kwa utaratibu. Nilikuwa naongea kama mtu anayetafuta kiatu gizani. Nilijua jinsi ya kuepuka: niseme mlango ufungwe, jina langu libaki safi, kisha nimwambie Jemimah Sheryl ndiye aliyekataa. Ndiyo, nilishaanza kuutengeneza uongo huo mdomoni, nikiwa bado naongea habari za utaratibu.

Ndipo alipotokea. Alikuja mbio kutoka upande wa barabara, kikapu cha mwisho mgongoni, gunia kichwani kama kofia, viatu vya shule vimejaa tope. Aliweka kikapu kwenye foleni, akafuta uso kwa mkono, akanitazama pale kwenye benchi mbele ya watu wote.

— Tata, zamu yetu imefika?

Mvua ilikuwa inapiga mabati, lakini nakuhakikishia kila mtu alisikia. Daktari alinitazama. Referii alishusha filimbi. Nyanchoka aliziba mdomo. Orpah pekee ndiye aliyekuwa anatazama vikombe vyake kana kwamba vina maandishi, na hapo nikajua kuwa alijua siku zote. Mlango wa nyuma unatazamana na jiko lake.

Jemimah aliona nyuso zetu, akaanza kurudi nyuma. Niliiona ile sura. Ni ile ya safu ya vijana.

— Bado, mwanangu, nikasema. Zamu yetu bado. Nikasimama, kwa sababu kukiri ukiwa umeketi si kukiri. Nikawaambia: Mimi hucheza. Tangu Aprili. Nacheza na huyu, michezo miwili, tukingojea lori, na huingia kwa nyuma kwa sababu ya aibu yangu. Na sichezi vizuri. Mwaka jana nilimkosea huyu mtoto mbele ya kanisa, hata msamaha sijamwomba mbele ya watu. Naomba sasa. Humo ndani ndimo tulimoanza kuongea tena. Kwa hiyo kura yangu ina upendeleo, na mjue hivyo kabla sijaitoa.

Jemimah aliangalia viatu vyake. Alikuwa anaona haya, lakini hakuondoka.

— Shemasi, Mose alisema taratibu. Wewe? Unacheza mbele ama nyuma?

— Sijui. Natokea popote.

— Anapiga pasi kwa kipa wetu kutoka katikati ya uwanja, Jemimah alisema, bado akitazama viatu. Kila mara.

Mtu mmoja kwenye foleni alicheka puani. Kisha Referii. Kisha wote, na mimi. Sheryl akasema kicheko si kura. Orpah akamweleza Jemimah kesi yote, mashine iliyokufa, Jumapili ya Kisii, siku mbili za Mose. Jemimah alisikiliza, akatazama karatasi iliyobandikwa mlangoni yenye saa za kufungua, akauliza kwa sauti ya mtu anayetaka tu kujua:

— Na Jumamosi hapa hufungwa kwa nini? Mose si ni Mkatoliki? Na wewe aunti Sheryl si Msabato.

Daktari alifungua mdomo, akasema yeye Jumamosi huwa Oyugis, hajui. Referii akasema Jumamosi ni Jumamosi. Orpah akasema hajawahi kufikiria. Mose alikuna kichwa. Sisi tulio wengi hapa Ekerenyo tunapohesabu siku za juma za kufanya kitu, Jumamosi hatuihesabu, iko kando kama kiti cha mgeni. Na hata wasio Wasabato wameshazoea kuhesabu pamoja nasi. Tulikuwa tumegombania siku mbili alasiri nzima, na hakuna aliyeona ya tatu.

— Nilidhani ni masharti ya hapa, Sheryl alisema hatimaye. Niliambiwa.

— Na nani? Jemimah akauliza.

Sheryl alitazama chanuo lake. Ni mwanamke mwenye heshima. Lakini mimi nilijua. Miaka mitatu iliyopita, alipokuwa na wiki moja hapa, tulikuja watu wawili, mimi na ndugu mwingine, tumevaa tai. Tulimwambia kwa upole kwamba hapa Jumamosi watu hawafungui. Hatukusema ni sheria. Hatukusema si sheria pia. Mgeni akafunga mlango wake miaka mitatu.

Nikasimama mara ya pili, magoti yakilalamika.

— Ni mimi, nikasema. Sheryl, hakuna masharti. Nilipewa Sabato niitunze, sikupewa niwafungie wengine milango. Sisemi napenda ufungue. Nasema mlango ni wako.

Alinitazama kwa muda mrefu kidogo kuliko nilivyopenda. Nilijua hasira ipo, na ni haki yake. Kisha akasema, bila kunitazama tena:

— Mose. Jumamosi, tangu saa kumi na mbili asubuhi mpaka uchoke. Leo na kesho, foleni kama kawaida. Na wewe Shemasi, mlango wa mbele.

Nilidhani Mose atalalamika. Badala yake aliinuka kwenye tofali, akasimama karibu yangu, akanong'ona kana kwamba naye ana la kuungama. Alisema mwaka jana pia alikwenda Kisii. Hakutuambia. Alitolewa mchezo wa kwanza kabisa, na mama mmoja muuza mayai aliyekuwa amekuja kumsindikiza mpwa wake, akajiandikisha ili asikae bure.

— Alikuwa anabonyeza chochote, Shemasi. Sikujua anaenda wapi. Yeye mwenyewe hakujua. Mimi nimezoea mashine, na mashine inapita njia zake zilezile. Akatazama chini. Hiyo pasi yako ya kwa kipa, unaweza kunionyesha?

Daktari alisikia, akasema hilo halibadilishi hoja yake, wa dhati ndio wenye gemu. Orpah akasema halibadilishi yake pia. Referii alikuwa ameinua kikombe aamue, akakuta kimekwisha, na kahawa imekwisha, kwa hiyo hakuamua. Mpaka leo jambo hilo halijaamuliwa.

Mashine iliyopigwa na radi ilikuwa imekufa, lakini pedi zake zilikuwa hai. Kwa hiyo zilitosha watu watatu, Mose peke yake upande mmoja, mimi na Jemimah upande wa pili, na Nyanchoka nyuma yetu akidai zamu inayofuata ni yake. Niliingia kwa mlango wa mbele. Ulikuwa na kizingiti kirefu kuliko nilivyokumbuka, nikajikwaa, na watu wote wa foleni waliniona.

Mose alitufunga mawili kabla sijapata kibonye. Kisha nikapata mpira katikati ya uwanja, nikafanya ninachokifanya. Wachezaji wa Mose walikimbilia mbele wote, mahali ambapo mtu mwenye akili angeupeleka mpira, na mpira haukuwa huko. Mose alipiga kelele ya kicheko. Miaka mitatu nimepita mbele ya mlango ule, nilikuwa sijawahi kumsikia akicheka humo ndani. Akasema rudia, Shemasi, rudia hivyohivyo, nikamwambia siwezi, sijui nimefanyaje.

Nje lori likapiga honi. Nilisikia karani akiita majina, na Referii akijibu kwa niaba yangu kuwa vikapu vya Shemasi viko, visogezwe. Nilianza kuweka pedi chini.

— Tata.

— Lori limefika, mwanangu.

— Nimelisikia, alisema, macho kwenye kioo. Pasi kwanza.